Kuvu kwenye bunduki iliyohifadhiwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Masika yakiisha huku Pwani, wamiliki wengi wa bunduki halali hufungua kabati na kukuta kitako kimeota manyoya meupe na mkanda wa ngozi umekuwa wa kijivu. Hapo kila mtu ana ushauri wake: Jiki, siki, jua kali, mafuta ya kutosha. Nimeona vitako vizuri vya mbao vingi zaidi vikiharibiwa na dawa hizo kuliko vilivyoharibiwa na kuvu yenyewe, na inauma, kwa sababu bunduki nyingi za namna hii ni za urithi na mbao zake hazipatikani tena.

Kabla hujagusa kitu, toa risasi zote, angalia chemba (mahali risasi inapokaa) kwa jicho kisha ipapase kwa kidole, na risasi uziweke mbali na meza ya kazi. Hilo halina mjadala.

"Kuvu inakula chuma"

Haili. Chakula chake ni mbao, ngozi, vumbi, jasho la mikono na mafuta ya mimea, hasa mafuta ya kitani ambayo vitako vya zamani vilipakwa. Hata kitako cha plastiki huota kuvu, maana inakula uchafu uliotanda juu yake. Ila usiipuuze kwa sababu hiyo. Pale ilipoota inashika maji na kutoa asidi, na chuma kilichogusana nayo kinapata kutu. Kwa hiyo ukiona ukungu kwenye mbao, mwombe fundi mwenye kibali aufungue mtutu kutoka kwenye kitako. Kutu mbaya huwa upande wa chini, mahali mtutu unapolalia mbao, na kwa nje huwezi kuijua.

"Sefu ikifungwa vizuri, unyevu hauingii"

Hii ndiyo dhana inayoharibu bunduki nyingi zaidi. Ukifunga mlango unafungia hewa ile ile ya chumbani, na unyevu wa hewa ya Pwani mara nyingi unapita 75%. Kuvu huanza kustawi unyevu ukizidi 65 hadi 70% kwa muda mrefu, hasa mahali hewa isipozunguka. Sefu nyingi zinazostahimili moto zina jasi ndani ya kuta, na juu ya jasi kuna zulia; vyote viwili vinahifadhi maji. Sefu ikiegemea ukuta wa nje unaonyeshewa mvua, hali inazidi kuwa mbaya.

Nunua kipimo cha unyevu, kidogo tu cha kuweka ndani ya kabati, usome namba badala ya kukisia. Kati ya 45 na 55% chuma na mbao vyote vinakaa salama. Usishushe sana, kwani mbao ikikauka kupita kiasi inapasuka.

Njia rahisi ya kushusha unyevu ni joto kidogo. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa 80%, ukiipasha hadi nyuzi 30 bila kuongeza maji, unyevu wake unashuka hadi karibu 60%. Ndiyo kazi ya ile fimbo ya umeme ya kupasha joto inayofungwa chini ndani ya kabati. Balbu tupu inayokaribia mbao au risasi ni hatari, usijaribu.

Wenye kiyoyozi wana tatizo lao. Bunduki iliyopoa chumbani ukiitoa nje mchana wa Machi, chuma kinatoka jasho papo hapo. Ukiirudisha sefuni na jasho lile, umeweka maji kwa mikono yako. Iache ndani ya mfuko wake hadi ipate joto la nje, ndipo uifungue, na uifute kabla ya kuirudisha.

"Weka mchele au mkaa, unanyonya maji"

Mchele unanyonya kidogo sana, kisha unaacha unga wa wanga, ambao ni chakula cha kuvu, na unaita wadudu. Mkaa wa jikoni unaacha vumbi jeusi. Silika jeli, yaani zile punje za kunyonya unyevu, inafanya kazi kweli, lakini si ya kuweka na kusahau. Ikishiba haisaidii tena. Tafuta ile ya punje zinazobadilika rangi, kwa mfano kutoka chungwa kuwa kijani, na rangi ikigeuka zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi kwa saa mbili au tatu.

"Jiki inaua kila kitu"

Klorini iliyomo inashambulia chuma, inaacha vishimo na kuondoa ule weusi wa samawati unaokinga mtutu. Kwenye mbao inafuta rangi ya juu tu, mizizi ya kuvu inabaki ndani. Siki nayo ni asidi. Inavua ule weusi vilevile. Kuchanganya Jiki na siki kunatoa gesi ya klorini, sumu inayoumiza mapafu.

Njia ninayoiamini ni hii. Toka nje, vaa barakoa na glavu, piga brashi laini taratibu ili vumbi la kuvu lipeperuke mbali na nyumba. Futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji ya sabuni isiyo kali, kisha kikavu. Baki iliyogoma ifute kwa spiriti, lakini jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, chini ya bamba la kitako, kwa sababu spiriti inayeyusha vanishi ya shelaki. Acha ikauke kivulini penye upepo. Jua kali linaua kuvu ya juu, ndiyo, ila linapasua mbao na kukakamaza ngozi.

"Paka mafuta mengi uwe salama"

Chukua bunduki ya marisawa iliyosimama kwenye kona miaka mingi, mtutu juu, uitazame pale kitako kinapokutana na chuma. Mbao ni nyeusi, na ukiikandamiza kwa ukucha, alama inabaki. Hayo ni mafuta yaliyoteremka kutoka kwenye mashine (sehemu ya chuma yenye chemba na kifyatulio) yakaozesha shingo ya kitako. Utando mwembamba, unaoonekana kwa shida, unatosha kwenye chuma. Kwenye mbao nta ni bora. Bunduki ihifadhi mtutu ukiwa chini, juu ya kipande kikavu cha sponji, mafuta yasiteremkie mbao.

WD-40 ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na kazi hiyo inaiweza. Utando wake hauvumilii miezi ya masika, kwa hiyo baada yake paka mafuta ya bunduki.

Kwa gobole la baruti nyeusi, mafuta juu ya masizi ni bure. Masizi yale yananyonya maji hewani. Yaoshe kwa maji moto na sabuni, kausha kabisa, ndipo upake.

"Ala ya ngozi ndiyo nyumba ya bunduki"

Ni ya safari. Ngozi inavuta unyevu, na chumvi na tanini zake (dawa ya kutengenezea ngozi) zinakula chuma. Mikoba yenye sponji ndani ni vilevile. Sefuni tumia soksi ya kitambaa kilichotiwa silikoni, na ngozi ining'inie peke yake.

"Risasi zimeota kuvu ya kijani"

Kijani hicho kwa kawaida si kuvu. Ganda ni la shaba nyeupe, mchanganyiko wa shaba na zinki; shaba iliyomo imeungana na asidi na mafuta ya ngozi, na ndiyo maana huonekana zaidi kwenye risasi zilizoachwa kwenye mkanda wa ngozi wa kiunoni. Ya juu juu futa kwa kitambaa kikavu, bila mafuta, kwa sababu mafuta yanaweza kupenya hadi kwenye kiwashio (kile kidude cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti) na kuizima risasi. Ganda lenye vishimo au ufa lisipigwe kabisa. Likabidhiwe polisi au muuzaji mwenye leseni.