Mwanamuziki Asiyepiga: Hadhira Inatazama Nini Okestra Ikiwa Jukwaani

Wengi wanaokuja kwangu hapa Bagamoyo kujifunza kukaa jukwaani na okestra hutarajia nitawafundisha namna ya kuyumbisha mabega, kufumba macho au kuinua upinde wa fidla kwa madaha. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini kwa maoni yangu haiba ya mwanamuziki wa okestra huonekana zaidi katika dakika ambazo hapigi chochote. Mwimbaji wa taarabu akisimama mbele, au mpiga udi akiachiwa nafasi ya peke yake, macho yote huwa kwake, na kazi yake ya kuyashika macho hayo inajulikana. Mpiga fidla wa safu ya tatu hana bahati hiyo wala hana mzigo huo. Yeye hutazamwa kidogo kidogo, na aghalabu hutazamwa pale anapoamini kwamba hakuna anayemwona.

Kuna jambo ambalo wanamuziki hawapendi kuambiwa: msikilizaji husikiliza kwa macho pia. Mwaka 1993 Jane Davidson alichapisha utafiti ambamo wapigaji walipiga muziki uleule kwa namna tatu, yaani bila kuonyesha hisia, kwa hisia za kawaida za jukwaani, na kwa kuzidisha. Watazamaji walionyeshwa vinukta vya mwanga tu vikisogea pamoja na mwili wa mpigaji, bila uso wala mavazi. Hata hivyo walizitofautisha namna hizo, na kuona kuliwafaa kuliko kusikia. Miaka 20 baadaye, mwaka 2013, Chia-Jung Tsay alitoa matokeo yaliyozua ubishi mkubwa zaidi. Aliwapa watu vipande vifupi vya rekodi za wapigaji 3 waliofika fainali za mashindano ya muziki wa klasiki, akawataka wamtaje mshindi. Waliopewa sauti peke yake walipatia chini ya theluthi moja, maana yake hawakumzidi mtu anayebahatisha, ilhali walioona picha bila sauti yoyote walikaribia nusu. Wanamuziki wa kulipwa hawakufanya vizuri kuliko watu wa kawaida, ingawa wengi walikuwa na hakika kwamba sauti ndiyo ingewaongoza.

Utafiti huo umetumiwa vibaya na watu wanaotaka kibali cha kucheza badala ya kupiga, kwa hiyo ni haki kusema pia kilichofuata. Mwaka 2018 watafiti wengine walirudia jaribio hilo. Kwa rekodi zilezile walipata matokeo yaleyale, lakini walipoleta wapigaji wengine, ushindi wa macho dhidi ya masikio haukusimama imara tena. Ninavyoelewa mimi, wapigaji wanapokaribiana sana kwa uwezo, sikio la kawaida halina pa kushika na jicho ndilo huamua. Tofauti ikiwa kubwa, sikio hurudi kazini. Anayepiga nje ya sauti hataokolewa na mabega yake.

Kwa mwanamuziki wa okestra, utafiti ninaouona kuwa na faida kubwa zaidi ni ule wa Michael Schutz na Scott Lipscomb wa mwaka 2007, ambao kwa bahati mbaya hautajwi sana. Walimrekodi mpigaji wa marimba kubwa ya mbao, ile inayogongwa kwa vijiti, akipiga noti kwa mkono unaoendelea mbali baada ya kugonga, kisha kwa mkono unaokatishwa upesi. Kwa sauti peke yake noti hizo hazikuwa na tofauti ya urefu, kwa kuwa kijiti kikishaachana na ubao hakina tena uwezo wa kubadili mlio. Lakini watu walipoziona na kuzisikia kwa pamoja, noti za mkono mrefu zilisikika ndefu zaidi, hata pale walipoagizwa waupuuze mkono na wahukumu sauti tu. Maana yake ni kwamba mwendo unaofuata baada ya noti, ambao wengi huuona kuwa pambo, huingia katika noti yenyewe akilini mwa msikilizaji.

Hili linaonekana wazi kabisa mwishoni mwa kipande cha polepole. Fidla zote zimemaliza noti ya mwisho, pinde zimeachana na nyuzi na bado ziko hewani, mwongozaji hajashusha mikono, na ukumbi mzima unaendelea kusikia kitu ambacho kwa hesabu za fizikia kimekwisha. Kisha kijana mmoja wa safu ya nyuma anashusha upinde gotini na kujifuta jasho shingoni. Makofi huanza palepale, na huanzia upande wa ukumbi unaomwona yeye. Wenzake wote walikuwa bado ndani ya muziki, lakini hadhira imepokea ruhusa ya kutoka, na haitakumbuka ni nani aliyeitoa. Mwanafunzi akiliona tukio hilo mara moja kwenye video ya simu, simwelezi tena kwa nini mkono wake ni mali ya watu wote waliokaa jukwaani.

Upekee wa okestra uko hapo. Mpigaji wa peke yake hujenga haiba kwa kujitofautisha, ilhali mwanamuziki wa okestra huijenga kwa kuafikiana na wenzake pasipo kufifia. Pinde za fidla za kwanza hupangwa zipande na kushuka pamoja, na msikilizaji asiyejua lolote kuhusu fidla hupokea mpangilio huo kama dalili kwamba watu hawa wanasikilizana. Leopold Stokowski, alipokuwa akiongoza okestra ya Philadelphia, aliwaruhusu wapigaji wabadilishe upinde kila mmoja kwa wakati wake ili sauti isikatike, na sauti nene ya okestra hiyo ikapata sifa kubwa. Nautaja mfano huo kwa sababu unaonyesha kwamba umoja wa macho na umoja wa sauti si kitu kimoja, na kwamba mwongozaji anaweza kuamua kuutoa mmoja ili aupate mwingine. Kwa vikundi vyetu vidogo, vyenye fidla 5 au 6, sishauri mtu amwige Stokowski, kwa kuwa hapo kila upinde unahesabika.

Nirudi kwa asiyepiga. Katika simfoni ya tano ya Beethoven, utunzi mrefu wa okestra wenye sehemu nne, tromboni, yaani tarumbeta ndefu za kuvuta, hazisikiki mpaka sehemu ya nne. Katika simfoni ya tisa ya Dvořák, iliyopigwa mara ya kwanza New York mwaka 1893, mpiga matoazi ana pigo moja tu katika simfoni nzima, tena katika sehemu ya mwisho, na mpiga tuba ana noti chache za sehemu ya pili, basi. Watu hawa hukaa mbele ya hadhira kwa dakika nyingi wakiwa wanamuziki kamili, wamevaa, wamelipwa, na hawatoi sauti. Wakiwa na uso wa abiria anayesubiri basi Msata, kila jicho litakalowafikia litarudi likiwa na habari kwamba muziki huu hata wenyewe umewachosha. Wakijilazimisha kutikisa kichwa kwa kila pigo, wanakuwa kero. Kinachofanya kazi ni kusikiliza kwa kweli. Mwili wa mtu anayesikiliza hutulia kwa namna ambayo hadhira huitambua bila kuelezwa: macho yanakwenda kwa yule anayepiga sauti kuu wakati huo, pumzi inafuata kishazi cha muziki, na ala inainuliwa mapema na taratibu kabla ya zamu kufika, si kwa kushtuka. Uinuaji huo wa mapema una faida nyingine, kwa sababu humwandaa msikilizaji. Akiona tromboni tatu zinapanda pamoja, sikio lake limekwisha kuziwekea nafasi kabla hazijalia.

Pwani tuna mtihani wetu wa pekee katika jambo hili, nao ni kutunza, yaani kumzawadia mwimbaji fedha akiwa jukwaani. Kwenye taarabu, msikilizaji aliyeguswa na beti hanyamazi kungoja mwisho. Huinuka kitini, hujongea mbele kwa mwendo wa kuringa, akamtunza mwimbaji, na njiani huwapita wapigaji kwa karibu sana. Vikundi vya Tanga vya enzi za Black Star na Lucky Star, ambavyo Shakila binti Saidi aliviimbia, vilikuwa vidogo kuliko okestra kubwa za Unguja zenye ala ya nyuzi iitwayo kanuni na safu za fidla, na udogo huo ulimweka kila mpigaji wazi mbele ya watu. Mpiga gitaa au ngoma ndogo za bongo hakuwa na mgongo wa mwenzake wa kujificha nyuma yake. Noti ya shilingi inapopita mbele ya uso wako kwenda kwa mwingine, hadhira inakutazama wewe kuona umeipokeaje. Mpigaji aliyekomaa huendelea na kiitikio, tabasamu lake likimwendea mtunzaji. Asiyekomaa huifuata fedha kwa macho mpaka mkononi mwa mwimbaji. Nimeona wapigaji wazuri sana wakipoteza heshima ya ukumbi kwa mtazamo huo mmoja.

Zaidi ya hayo, watu wa Bagamoyo wamekulia kwenye ngoma. Huu ni mji wa Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, na ni mji alikoishi Hukwe Zawose mpaka alipofariki mwaka 2003, mtu ambaye zeze, marimba ya vidole, sauti na mwili wake vilikuwa kitu kimoja. Hadhira iliyozoea kuzunguka ngoma kwa karibu na kuiitikia huweza kuuona utulivu wa okestra kama ubaridi. Baadhi ya walimu hujibu hali hiyo kwa kuwaamuru wapiga fidla wayumbe. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa mtazamaji wa ngoma ndiye hodari kuliko wote wa kutambua mwili unaodanganya. Kwake, mtu anayeyumba kwa amri anatia aibu kuliko mtu aliyetulia. Afadhali okestra ikae karibu na watu, safu ya kwanza ya viti isogezwe, taa za ukumbi zisizimwe kabisa, na nyuso za wapigaji zionekane juu ya stendi za noti. Stendi iliyoinuliwa mpaka kidevuni huua haiba kuliko woga.

Unyevu wa bahari nao una lake. Vigingi vya fidla huvimba na kukwama, nyuzi hupotea sauti kati ya wimbo na wimbo, na kurekebisha ala mbele ya watu hakuepukiki. Hadhira haichukizwi na kazi hiyo yenyewe. Huanza kuwa na mashaka inapoona mtu anarekebisha huku akimwomba radhi jirani kwa macho, au watu wanne wanafanya hivyo kila mmoja kwa wakati wake. Ifanyike kwa pamoja, kwa noti moja inayotolewa na mtu mmoja, kimya kikitangulia.

Kuhusu mavazi sina mengi. Nyeusi huzuia nguo isishindane na mikono, uso na mbao ya ala. Sare ya kitenge au kanzu hufanya kazi hiyohiyo iwapo wote wameivaa. Ajabu ni kwamba okestra nyingi za Marekani huwasaili waombaji wa kazi nyuma ya pazia, na baadhi hutandika zulia ili hata kisigino kisimfichue kama ni mwanamke au mwanamume, kwa sababu zinajua jicho lilivyo na upendeleo. Halafu aliyeshinda kwa sauti tupu huwekwa chini ya taa kwa maisha yake yote ya kazi, na ni nadra mtu kumfundisha la kufanya huko.

Zoezi ninalolitumia ni jepesi. Simu huwekwa katikati ya ukumbi, okestra hupiga programu nzima kuanzia kuingia mpaka kutoka, kisha tunaitazama bila sauti, na kila mmoja humtazama mwenzake, si yeye mwenyewe. Sehemu inayozua mazungumzo marefu huwa dakika ya mwisho, makofi yanapoendelea: wawili wanalegeza pinde, mmoja anakunja karatasi za noti, mwingine amekwisha kumgeukia jirani kumweleza alipokosea. Watu waliosimama kupiga makofi wanaliona hilo lote, na pinde zingeweza kabisa kusubiri mpaka nyuma ya jukwaa.