Wanorwei wa Minnesota, Wakuba wa Miami, na kosa la jedwali langu

Dodoso ambalo Idara ya Sensa ya Marekani huzungusha majumbani kila mwaka lina maswali mawili ambayo wasomaji wengi wa takwimu huyachanganya. La kwanza linahusu asili ya Kihispania, na humo neno Kuba limekwisha kuchapwa pamoja na kisanduku chake, hivyo kazi ya mjibuji ni kutia alama tu. La pili linauliza nasaba, nalo limeachiwa nafasi tupu ili kila mtu aandike mwenyewe. Kitukuu wa mkulima aliyetoka Norwei, ambaye katika ukoo wake wamekwisha kuingia Wajerumani, Waswidi na Waairishi, ataandika kwamba ni Mnorwei akipenda, na asipopenda hataandika. Kwa hiyo kundi moja limehesabiwa kwa kisanduku na jingine kwa hiari ya kumbukumbu, kisha watu kama mimi huyachukua yote mawili na kuyapanga bega kwa bega kana kwamba ni mizigo iliyopimwa kwenye mizani moja.

Nasema watu kama mimi kwa sababu nimelifanya kosa hilo. Nilipokuwa kijana katika taaluma ya demografia ya uhamiaji niliandaa mhadhara wenye jedwali la safu mbili, kushoto Wamarekani wenye asili ya Norwei na kulia wenye asili ya Kuba, nikashusha mistari ya kipato cha kaya, elimu ya chuo kikuu, umaskini na umiliki wa nyumba. Safu ya kushoto ilishinda karibu kila mstari. Mwalimu wangu wa zamani, aliyekuwa amekwisha kustaafu lakini hakosi mihadhara, aliliangalia jedwali, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, hawa wa kushoto walishuka melini lini?" Nikamjibu, "Mwalimu, takwimu zote ni za mwaka mmoja." Akacheka, akarudia swali lake neno kwa neno.

Walishuka melini mwaka 1825. Jahazi dogo lililoitwa Restauration liliondoka Stavanger mwanzoni mwa Julai mwaka huo likiwa na abiria na mabaharia 52, likatia nanga New York tarehe 9 Oktoba likiwa na watu 53, kwa kuwa mtoto mmoja alizaliwa baharini. Katika miaka mia moja iliyofuata zaidi ya watu 800,000 waliondoka Norwei, na katika Ulaya yote ni Ireland pekee iliyotoa wahamiaji wengi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Wakuba nao walikuwapo Florida tangu karne ya 19, wakisokota sigara Key West na Tampa huku msomaji wa kulipwa akiwasomea magazeti kwa sauti kiwandani, lakini wingi wao unatokana na matukio yaliyofuata tarehe 1 Januari 1959, mapinduzi ya Fidel Castro yaliposhinda. Mtu wa safu ya kushoto kwa kawaida ni kizazi cha nne, cha tano au zaidi. Katika safu ya kulia, yenye watu wapatao milioni 2.4, zaidi ya nusu walizaliwa Kuba kwenyewe.

Njia ya haki zaidi ni kulinganisha kizazi kwa kizazi, na hapo ndipo picha inapogeuka kwa namna ambayo bado inawashangaza wanafunzi wangu. Januari 2018, vyombo vya habari viliporipoti kwamba Rais Donald Trump aliuliza kwa nini nchi yake isipokee watu zaidi kutoka Norwei badala ya Haiti na nchi za Afrika, wengi walijadili maadili ya kauli hiyo, na wachache wakakumbuka historia yake. Norwei ya karne ya 19 ilikuwa nchi maskini. Sehemu inayolimika ya ardhi yake ni kama asilimia 3 tu, shamba lilirithiwa na kifungua mimba, na wadogo zake pamoja na vibarua waliokaa kwenye vipande vya ardhi ya wengine walibaki na mawili: kwenda mjini au kuvuka bahari.

Wachumi Ran Abramitzky, Leah Boustan na Katherine Eriksson walifanya jambo ambalo kwa watu wa fani yangu ni raha tupu: waliwafuatilia ndugu wa tumbo moja katika sensa za Norwei na Marekani, mmoja aliyehama na mwingine aliyebaki, ili wapime faida ya kuhama bila kuichanganya na tofauti za familia. Waligundua kwamba kuhama kulilipa vizuri, lakini pia kwamba waliotoka mijini hawakuwa wale wenye nafasi bora, bali kinyume chake. Katika kazi iliyofuata, walipowafuatilia wahamiaji wa mataifa mengi ya Ulaya, Wanorwei walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi zenye malipo madogo kuliko wazaliwa wa Marekani, na pengo hilo halikuzibika upesi. Watoto wao pia walilirithi kwa sehemu. Niseme wazi kwamba sensa ya Marekani haikuuliza mshahara hadi mwaka 1940, hivyo watafiti hukadiria kipato cha mtu kutokana na kazi yake, na kazi ya mkulima ndiyo ngumu kuliko zote kuikadiria. Jambo jingine ni kwamba karibu robo ya waliokwenda walirudi kwao, na waliorudi walikuwa na kazi duni kuliko waliobaki. Ukiwatazama waliobaki tu, wenye bahati mbaya wamekwisha kutoka kwenye hesabu bila kuaga.

Wakuba wa kwanza walikuwa watu wa namna nyingine kabisa. Kati ya 1959 na 1962 waliingia Marekani karibu 250,000, na miongoni mwao wanasheria, madaktari, wahasibu, wenye viwanda na mameneja wa kampuni za Kimarekani walizidi sana sehemu yao katika jamii waliyoiacha. Walianza chini, kwa kuosha vyombo na kuegesha magari hotelini, lakini hawakukaa huko. Msomaji wa Zanzibar ataielewa picha hii bila maelezo mengi, kwani mwaka 1964 magazeti ya Magharibi yalikiita kisiwa hicho Kuba ya Afrika, na miongoni mwa waliokimbilia ughaibuni walikuwamo wengi waliobeba shule vichwani ilhali mikono ni mitupu. Baada ya 1970 baadhi yao walipofika Oman, elimu ile na Kiingereza kile viliwapatia kazi serikalini. Kinachovuka bahari bila kupekuliwa na afisa wa forodha ndicho kinachoamua mengi.

Hata hivyo elimu peke yake haielezi kasi ile. Mwanasosholojia Lisandro Pérez, akiipitia upya mwaka 1986 hadithi ya mafanikio ya Wakuba, alionyesha kwamba kipato cha familia kilikuwa kizuri kwa sababu watu wengi wa nyumba moja walikuwa kazini. Wanawake, ambao Havana wengi wao hawakuwa wameajiriwa, waliingia kwenye viwanda vya nguo vya Hialeah na Miami kwa wingi, na nyanya alibaki nyumbani kulea wajukuu. Ukigawanya kipato kile kwa idadi ya waliokichuma, muujiza unapungua ukubwa. Mimi huwaambia wanafunzi waanzie hapo kila wanapoona neno kaya katika kichwa cha jedwali.

Halafu kuna mkono wa serikali, jambo ambalo jamii zote mbili huligusa kwa ncha ya kidole zinapojisimulia. Kuanzia 1962 jengo la zamani la gazeti katikati ya Miami, ambalo leo huitwa Freedom Tower na ambalo Wakuba wenyewe waliliita El Refugio, lilikuwa mahali pa kupokelea wakimbizi. Mtu alipanga foleni, akapimwa afya, akaandikishwa, na kama hana chochote akapewa hundi ya dola 100 kwa mwezi kwa familia au 60 kwa asiye na familia, pamoja na maziwa ya unga, jibini na nyama ya kopo kutoka ghala la ziada la serikali. Walimu walipewa mafunzo ya kuwarudisha darasani, madaktari wakasaidiwa kujiandaa kwa mitihani ya leseni, wanafunzi wakapata mikopo. Sheria ya mwaka 1966 ikawafungulia njia ya ukaazi wa kudumu ambayo hakuna taifa jingine lililopewa kwa urahisi ule. Vita baridi ilikuwa na bajeti yake, na Wakuba walikuwa upande uliolipiwa.

Wajukuu wa Wanorwei husema kwamba babu zao hawakupewa hundi. Ni kweli, walipewa ardhi. Sheria ya Makazi ya tarehe 20 Mei 1862 ilimruhusu hata mgeni aliyetangaza tu nia ya kuwa raia kuchukua ekari 160, yaani hekta 65 hivi, kwa ada zisizozidi dola 18 kwa jumla, mradi akae miaka mitano, ajenge na kulima. Nyumba ya kwanza mara nyingi ilikuwa ya matofali ya udongo wenye mizizi ya nyasi, iliyovuja siku mbili baada ya mvua kukatika. Taabu ilikuwa ya kweli, nami siidharau. Lakini ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Agosti ya mwaka uleule Wadakota wa Minnesota, waliokuwa wakicheleweshewa malipo ya mikataba huku njaa ikiwauma, waliingia vitani, na tarehe 26 Desemba wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa Mankato kwa siku moja, kisha watu wao wakafukuzwa jimboni. Mashamba yaliyofuata yakawa rasilimali ya kurithishana, na urithi wa shamba hauonekani katika mstari wowote wa jedwali la kipato.

Kuna jambo moja la Miami ambalo huwa nalisimulia polepole, kwa kuwa takwimu haziwezi kulionyesha. Watafiti Alejandro Portes na Alex Stepick wameeleza jinsi katika miaka ya 1960 benki ndogo, ambazo ziliajiri Wakuba waliokuwa na ujuzi wa kibenki kutoka Havana, zilivyotoa mikopo isiyo na dhamana yoyote. Mwombaji hakuwa na nyumba, wala hesabu za biashara, wala historia ya kukopa Marekani. Afisa aliyeketi mbele yake alimjua kwao: alijua alikuwa na ghala gani, mtaa gani, na kama alikuwa akiwalipa watu kwa wakati. Jina lake likawa hati. Muuza duka wa pwani yetu, anayemwandika mteja kwenye daftari kwa sababu anaujua ukoo wake, angeielewa benki ile bila kuhitaji mkalimani. Kwa fedha hizo zikaanzishwa kampuni za ujenzi, maduka na viwanda vidogo, vilivyoajiri Wakuba wengine, na ndipo Portes na wenzake wakazungumzia uchumi wa jamii unaojitegemea ndani ya mji.

Mikopo hiyo ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo watu 125,000 waliotoka Kuba kupitia bandari ya Mariel kati ya Aprili na Oktoba 1980, ambao walikuwa na vibarua na watu weusi wengi zaidi kuliko waliowatangulia, waliukuta mlango ule umefungwa, na hata kama ungekuwa wazi, afisa gani wa benki angewajua kwao Havana? Tofauti inaonekana hadi kwa watoto. Katika utafiti ambao Portes na Rubén Rumbaut waliuanza mwaka 1992 kwa kuwafuatilia vijana zaidi ya 5,000 wa Florida Kusini na San Diego, ilibidi Wakuba wa shule binafsi za lugha mbili wahesabiwe mbali na wale wa shule za umma, kwa maana matokeo yao hayakufanana.

Kuhusu lugha nitapita haraka. Wanorwei walikuwa na vyuo vyao vya Kilutheri, kama Luther (1861) na St. Olaf (1874), na magazeti yao, na Decorah-Posten liliendelea kuchapishwa hadi 1972, lakini mwaka 1918 gavana wa Iowa alipiga marufuku lugha za kigeni hadharani, hata kanisani na kwenye simu, na kizazi kilichokulia katika hofu hiyo kilizungumza Kiingereza na watoto wake. Miami ilianzisha shule ya umma ya lugha mbili, Coral Way, mwaka 1963. Kaunti ikajitangaza ya lugha mbili mwaka 1973, wapiga kura wakalibatilisha hilo mwaka 1980, na uamuzi huo wa wapiga kura ukafutwa mwaka 1993, Wakuba walipokuwa na kura za kutosha. Hata hivyo wajukuu wa Miami nao wanapendelea Kiingereza.

Katika siasa njia zilitofautiana zaidi. Wakulima wa North Dakota, ambako katika sensa ya 2000 asilimia 30 hivi ya wakazi walitaja nasaba ya Kinorwei, waliunga mkono kwa wingi ligi ya wakulima iliyoanzishwa mwaka 1915, na jimbo likaunda benki yake mwaka 1919, ambayo ipo hadi leo na ni mali ya umma. Wajukuu wa wale walionyang'anywa viwanda Havana wasingeiita benki kama hiyo kwa jina zuri.

Limebaki suala la wanaotoka kwenye safu. Mnorwei wa kizazi cha tano asiyeandika chochote katika nafasi ile tupu hapotei kwa bahati nasibu, na mtoto wa Mkuba na Mmarekani mweupe mwenye digrii mbili asiyetia alama kwenye kisanduku hupunguza wastani wa waliobaki. Upande wa pili kuna wanaoingia. Tangu 2021 Wakuba mamia ya maelfu wamefika, wengi kupitia mpaka wa Meksiko, na baadhi yao waliachiwa mpakani wakiwa na fomu iitwayo I-220A. Septemba 2023 baraza la rufaa za uhamiaji liliamua kwamba fomu hiyo si ruhusa ya kuingia inayotakiwa na sheria ya 1966. Hawana El Refugio, wala afisa wa benki anayelijua jina la baba yao. Dodoso likigonga mlango wao, watatia alama katika kisanduku kilekile alichotia mjukuu wa mwenye ghala.