Je, wajua kwa nini kiazi cha kuoka cha Wamarekani hutoka na unga, na chako hutoka na maji?

Katika migahawa ya steki ya Marekani, sahani ya nyama mara nyingi huja na mwenzake wa siku zote: kiazi kimoja kikubwa kilichookwa na ganda lake, kikapasuliwa mgongoni, kikajazwa siagi, jibini ya cheddar iliyokunwa, krimu chachu, vipande vya bekoni na majani ya kitunguu yaliyokatwa madogo madogo. Wenyewe husema kiazi hicho "kimepakiwa", utadhani ni lori la mizigo.

Kuiga ule mzigo wa juu si kazi. Kazi iko chini yake. Ukikichoma uma, kiazi cha wale watu kinachambuka chembe chembe, cheupe na kikavu kama unga uliochekechwa, na ganda lake linavunjika kwa mlio. Mara ya kwanza nilipojaribu nyumbani, nilikizungushia foili kama nilivyoona kwenye picha, nikakiacha kwenye oveni saa nzima. Nilichokifungua kilikuwa kiazi cha kuchemsha kilichovaa koti.

Kwa nini? Jibu lenyewe tunalo mdomoni tangu utotoni. Mtu akila muhogo, boga au kiazi kitamu, hahitaji kufundishwa kusema "hiki kina unga" au "hiki cha maji". Viazi mviringo navyo vina koo hizo mbili, na kiazi cha kuoka kinataka ukoo wa unga. Ukishapata wa unga, kazi yote inayobaki ni kuyafukuza maji.

Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80. Kinachobaki, sehemu kubwa ni wanga, uliofungwa punje punje ndani ya seli, na seli zimeshikana kwa gundi ya asili iitwayo pektini. Joto la ndani likifika kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi, punje za wanga huanza kunywa maji yaliyomo ndani ya seli na kuvimba. Joto likizidi kupanda, ile gundi nayo hulegea. Katika kiazi cha unga, ambacho kina wanga mwingi, seli huvimba zikatuna, zikaachana kila moja kivyake bila kupasuka. Ulimi unapozikuta unahisi chembe kavu, ingawa maji bado yamo humo humo, yamenywewa na wanga. Katika kiazi cha maji wanga ni mchache, seli hubaki zimeshikana, na kiazi hukatika kwa kisu vipande vizuri. Hicho ni cha saladi au mchuzi. Ukikioka hata siku nzima hakitachambuka.

Wamarekani kwa kazi hii hutumia viazi vya ganda la kahawia lenye mikwaruzo, na maarufu kuliko vyote ni Russet Burbank, kinacholimwa sana Idaho. Jina hilo limetoka kwa Luther Burbank, kijana wa Massachusetts ambaye katika miaka ya 1870 aliona tunda dogo la mbegu kwenye shina la kiazi kiitwacho Early Rose, jambo ambalo kwa aina hiyo ni nadra. Lilikuwa na mbegu 23. Alizipanda zote, na mche mmoja ukamzalia viazi vikubwa kuliko vyote alivyowahi kuviona. Mwaka 1875 aliuza haki ya kiazi hicho kwa dola 150 kwa mfanyabiashara wa mbegu, akashika njia kwenda California. Russet ya leo ni mtoto wa kiazi hicho aliyebadilika ganda baadaye. Dola 150! Sijui biashara ya viazi iliyomwacha mwenyewe mbali namna hii.

Sokoni kwetu hakuna anayekuuzia kiazi kwa jina la Burbank, na muuzaji ukimuuliza kama ni cha unga atakuapia kuwa ni cha unga. Ipo njia ya kumhakiki. Changanya kikombe kimoja cha chumvi na vikombe 11 vya maji, koroga hadi chumvi iyeyuke, kisha tumbukiza kiazi. Wanga ni mzito kuliko maji, kwa hiyo kiazi chenye unga huzama na cha maji huelea. Nunua vichache vya kujaribu kabla ya kubeba debe. Chagua vikubwa vya gramu 250 hadi 350, vinavyolingana ukubwa ili viive pamoja. Kama uko Kenya na umepata aina iitwayo Shangi, kumbuka huiva haraka, hivyo anza kukichungulia mapema kuliko saa ya mapishi inavyosema. Na usivihifadhi kwenye friji: baridi hugeuza wanga kuwa sukari, kiazi kikaoka rangi ya kuungua na ladha ya utamu usioutaka.

Foili ina kazi gani, basi?

Kiazi kinapooka kinatoa mvuke. Ukikifunga, mvuke hauna pa kwenda. Unalowesha ganda, unarudi ndani, na kiazi kinajichemsha chenyewe. Migahawa inayofunga viazi kwa foili inafanya hivyo kwa sababu inaoka viazi vingi kwa mkupuo na kuvihifadhi vikiwa moto hadi mteja aagize, na pia foili inang'aa mezani. Hiyo ni shida ya mgahawa. Wewe una viazi vinne na watu wanne, foili ya nini?

Kuna jambo zito zaidi hapa. Udongo una vijimbegu vya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na kiazi ni mtoto wa udongo. Vijimbegu hivyo havifi kwa joto la nyuzi 100, na ndani ya kiazi joto halipiti hapo. Kiazi kilichookwa kikaachwa ndani ya foili juu ya kabati kinapoa polepole, kina unyevu, hakipati hewa, na bakteria huyo hupenda mahali pasipo na hewa. Anaweza kutengeneza sumu inayopoozesha misuli, hata ya kupumulia. Mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 waliugua baada ya kula kwenye mgahawa uliotengeneza kitoweleo kwa viazi vilivyookwa ndani ya foili na kuachwa nje ya friji. Kikibaki kiazi, kivue foili, ukile usiku uleule au ukitie kwenye friji.

Sasa tuoke. Sugua viazi kwa brashi, vitoboe kwa uma mara sita au nane kila kimoja, maana mvuke ukikosa tundu kiazi kinaweza kupasuka na kukuachia kazi ya kukwangua oveni. Vichovye kwenye maji ya chumvi ili ganda likolee, kisha vipange juu ya wavu wa oveni, si kwenye sinia, moto upite na chini pia. Oveni iwe nyuzi 220. Mafuta usipake mwanzoni. Liache ganda likauke kwanza, kisha dakika kumi za mwisho lipake mafuta kidogo na kurudisha viazi motoni. Hapo ndipo ganda linapokakamaa likawa la kutafunwa na kutoa mlio. Kwa ukubwa nilioutaja, kazi nzima ni kama dakika 50 hadi 70. Asiye na oveni anaweza kutumia sufuria nzito yenye mchanga au mawe madogo chini, makaa chini na juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki. Ganda halitakuwa sawasawa pande zote, lakini ndani patachambuka.

Mapishi mengi ya Kimarekani hukwambia uchome kipimajoto katikati na utoe kiazi kikifika nyuzi 96 hadi 99. Ushauri mzuri kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa. Kwa mtu wa Nairobi ni mtego. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndani ya kiazi kuna maji, na maadamu maji yapo, joto la ndani haliwezi kupita kiwango cha kuchemka. Utangoja hiyo 96 hadi ganda ligeuke mkaa. Mbeya nako ni hivyo hivyo, na Wamarekani wenyewe wa Denver wanaijua taabu hii. Ukiwa nyanda za juu, lenga nyuzi 92 au 93, au achana na kipimajoto: choma kijiti cha mshikaki, kikiingia hadi katikati bila kukwama popote, toa.

Kinachofuata ni sekunde chache zinazoharibu viazi vingi kuliko moto. Watu hutoa kiazi wakakiacha "kipumzike" kama nyama. Kiazi hakitaki kupumzika. Kikipoa kikiwa kimefungwa, mvuke ulio ndani unageuka maji na kule kuchambuka kote kunakandamana na kuwa uji mzito. Kipasue hapo hapo, mkato mmoja wa urefu na mwingine mfupi wa kukingama, kisha shika ncha mbili kwa kitambaa na ubane kuelekea katikati. Nyama nyeupe itafumuka juu, na utaona mvuke ukitoka kama birika. Itifue kwa uma taratibu. Usiisage, wala usiikaribishe blenda, kwa sababu seli zikipasuka wanga humwagika na unabaki na gundi ya kubandikia bahasha.

Sasa ndiyo pakia. Chumvi na siagi kwanza, kiazi kikiwa bado kinafuka, ili siagi iyeyuke na kupenya katikati ya zile seli zilizoachana. Jibini ifuate, iyeyukie juu ya siagi. Krimu chachu ni ya baridi, ikitangulia inapoza kila kitu, kwa hiyo ngojea. Ile chachu yake ndiyo inayokata mafuta yasikukinaishe. Mtindi uliochujwa usiku kucha kwenye kitambaa safi unafanya kazi ileile, na mimi naupenda zaidi. Asiyekula nguruwe akaange vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe hadi vikauke. Hata huko Marekani bekoni ya ng'ombe na ya bata mzinga huuzwa. Majani ya kitunguu yawe ya mwisho, mabichi.

Lakini kiazi cha kuoka kilichowahi kuvuma sana Marekani hakikuwa na mzigo wote huo. Wakulima wa bonde la Yakima, jimbo la Washington, walikuwa na viazi vikubwa mno, vingine vya uzito wa karibu kilo moja, ambavyo havikupata mnunuzi, wakawalisha nguruwe. Hazen Titus, msimamizi wa mabehewa ya chakula ya reli ya Northern Pacific, aliposikia habari hiyo aliwaagiza wapishi wake wavioke polepole, na mapema mwaka 1909 vikaanza kuwafikia abiria. Watu wakapanda treni kwa ajili ya kiazi. Kampuni ikajitangaza kuwa ndiyo njia ya kiazi kikubwa cha kuoka, na juu ya jengo lake la Seattle ikasimamisha kiazi cha bandia cha futi 40, macho yake yakiwa taa za umeme. Na kwenye sahani ya abiria, kando ya kile kiazi kilichopasuliwa, palikuwa na siagi na kijiko.