Asilimia 95 ya akina nani?

Nimeletewa tena programu ya kutambua magonjwa, na maneno ni yaleyale: "Daktari, usahihi wake ni asilimia 95. Ikisema mgonjwa ana ugonjwa fulani, basi uwezekano kwamba anao ni asilimia 95." Jamani, hapana! Kinachonichosha ni kwamba wanaoniambia hivi ni wataalamu wa data, na mara nyingine madaktari wenzangu.

Kosa lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 1978 yalichapishwa majibu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wa Harvard, jumla yao 60. Waliulizwa hivi: ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 1,000, na kipimo kinatoa majibu chanya ya uongo kwa asilimia 5 ya wasioumwa. Mtu usiyejua lolote kumhusu amepimwa, majibu ni chanya. Uwezekano kwamba anaumwa ni kiasi gani? Karibu nusu walijibu asilimia 95. Waliopatia walikuwa 11.

Fanya hesabu. Kati ya watu 1,000, mgonjwa ni mmoja, na tuseme kipimo kinamkamata. Waliobaki ni 999, na asilimia 5 yao ni kama 50. Una majibu chanya 51, mgonjwa wa kweli mmoja: asilimia 2. Sasa kipeleke kipimo hichohicho kwenye wodi ambayo nusu ya waliolazwa wana ugonjwa huo. Kati ya 1,000, wagonjwa 500 wanakamatwa wote, na wazima 25 wanasingiziwa. Safari hii jibu chanya ni kweli kwa asilimia 95. Kipimo hakijabadilika hata kidogo. Waliopimwa ndio waliobadilika. Watafiti wa Marekani Ledley na Lusted waliwaeleza madaktari hesabu za namna hii tangu mwaka 1959, kwa hiyo sikai hapo.

Wanaonikera zaidi ni wale walioielewa kanuni ya Bayes, ndiyo hesabu hii niliyoifanya, wakaishia hapo. Wanadhani unyeti (sehemu ya wagonjwa ambao kipimo kinawakamata) na umahususi (sehemu ya wasioumwa ambao kinawaambia hawana) ni sifa za kudumu za kipimo, kwamba kinachobadilika ni wingi wa ugonjwa tu. Chukua kidole tumbo. Saa za mwanzo mgonjwa anaumwa karibu na kitovu, hataki chakula, homa hana. Baadaye maumivu yanahamia chini upande wa kulia, ukibonyeza anaruka, joto linaanza kupanda. Sasa niambie, unyeti wa homa kwa kidole tumbo ni upi? Wa saa ya nne au wa siku ya pili? Wa kijana, au wa mzee ambaye tumbo limeshachafuka ndani na bado anakuambia anajisikia vibaya kidogo tu? Kila mmoja ana namba yake, nawe umezikoroga zote ukapata wastani usiomhusu yeyote kati yao.

Umahususi nao ni vivyo hivyo. Ukilinganisha wagonjwa waliozidiwa na watu wenye afya njema waliojitolea, programu yoyote itang'ara. Lakini watu wenye afya njema hawaji kwangu wakiwa wameshika tumbo. Anayekuja ana kidole tumbo, au mimba iliyotunga nje ya kizazi, au jiwe kwenye njia ya mkojo, au tezi za tumboni zimevimba baada ya mafua. Hao ndio wa kuwatofautisha, na hapo ndipo zile namba nzuri huporomoka.

Mfano mzuri ni ule wa daktari de Dombal na wenzake kule Leeds, Uingereza, waliotengeneza programu ya kutambua chanzo cha maumivu ya tumbo. Mwaka 1972 walichapisha matokeo ya wagonjwa 304 wa maumivu makali ya tumbo: kompyuta ilipatia kwa asilimia 91.8, daktari mwandamizi wa timu asilimia 79.6. Watu huishia kuinukuu namba hiyo. Programu ile ilijengwa kwa takwimu za wagonjwa wa palepale, na ilipojaribiwa kwingine haikufika kiwango hicho. Tena madaktari walioitumia walipatia zaidi wao wenyewe, na naamini sababu kubwa ilikuwa fomu: iliwalazimu kumuuliza kila mgonjwa maswali yaleyale, bila kuruka.

Halafu ile programu ilichukulia kwamba dalili hazitegemeani. Homa, jasho na mapigo ya moyo kwenda mbio ni kama mashahidi watatu waliosimuliwa habari na mtu mmoja. Ukiwahesabu kama watatu, uhakika unavimba bure. Mifumo ya leo ya akili mnemba inakwepa tatizo hilo na kuleta jingine. Mfumo mmoja uliofunzwa miaka ya 1990 ulijifunza kwamba mgonjwa wa nimonia mwenye pumu ana hatari ndogo ya kufa. Data hazikudanganya: wenye pumu walikuwa wakipelekwa moja kwa moja wodi ya wagonjwa mahututi, wakahudumiwa upesi, wakapona. Ukiufuata mfumo huo utawarudisha nyumbani.

Mashaka yangu makubwa yako kwenye uwezekano wa awali, ule unaouweka kabla ya kipimo. Vitabu vinaandika asilimia 20 kana kwamba imeandikwa kwenye paji la uso la mgonjwa. Kwangu ni makadirio, na ninajua yanapanda kama jana nilikutana na ugonjwa huohuo. Je, nihesabu wagonjwa wote wa tumbo, au wanawake wa umri huu tu, au waliokuja usiku? Kila kundi lina jibu lake, na sijaona kanuni inayoniambia nichague lipi. Ninachofanya ni kuandika makadirio yangu kwenye faili kabla sijafungua jibu la kompyuta, maana nikishaliona siwezi tena kujua nilikuwa nafikiri nini.

Kwa hiyo ukiniletea programu, anza na jedwali la watu ulioijaribia: walikuja na malalamiko gani, siku ya ngapi ya ugonjwa, wangapi walikuwa na ugonjwa mwingine unaofanana, na nani aliyethibitisha utambuzi wa mwisho, kwa njia gani. Asilimia zako tutazisoma baada ya hapo.