Kundi la utafiti ni nini? Mfano wa maabara ya kwanta ya Innsbruck

Mwaka 2024 jarida la Physical Review Letters lilitoa makala ya fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomi, yenye jina la Mtanzania kwenye kichwa chake: Mpemba. Jaribio lenyewe lilifanyika Innsbruck, mji wa milimani magharibi mwa Austria, kwa ioni 12 za kalsiamu (atomi zilizong’olewa elektroni) zilizopangwa mstari mmoja, zikielea ndani ya ombwe, yaani nafasi iliyonyonywa hewa. Chini ya kichwa hicho yamepangwa majina zaidi ya kumi. Msomaji aliyezoea kitabu chenye mwandishi mmoja ana haki ya kuuliza: hawa wote wamefanya nini? Nani kapima, nani kaandika, nani katoa wazo, nani mkubwa wao?

Wanaitwa kundi la utafiti. Kwa makala hiyo, ni makundi kadhaa yaliyoshikana mikono.

Kundi la utafiti ni watu waliokusanyika chini ya mwanasayansi mmoja mwenye swali na mwenye fedha za kulifuatilia. Laweza kuwa na watu watano, laweza kuwa na ishirini na kitu. Si idara. Idara hufundisha, hutunga mitihani, na hubaki pale pale wakuu wake wakibadilishana viti. Kundi ni la mtu. Huitwa kwa jina lake, na siku akistaafu huvunjika au hupata jina jingine. Anayetaka mfano wa karibu afikirie karakana ya seremala anayesifika mjini: mteja humtafuta yeye, lakini meza anayoondoka nayo huenda imepigwa randa na fundi wa pili na kupigwa msasa na mwanagenzi.

Makundi kadhaa yakiwekwa chini ya paa moja, yakatumia karakana moja na ofisi moja ya uhasibu, hapo umepata kituo. Kile cha Innsbruck ni taasisi ya optiki (sayansi ya mwanga) ya kwanta na taarifa za kwanta, maarufu kwa kifupi chake IQOQI. Iko chini ya Akademia ya Sayansi ya Austria, ilianzishwa 2003, na ina tawi lake jingine Vienna. Innsbruck walikuwapo Rainer Blatt wa majaribio ya ioni, Rudolf Grimm wa gesi baridi kupindukia, na Peter Zoller wa nadharia. Vienna alikuwapo Anton Zeilinger, aliyegawana Nobeli ya fizikia ya 2022 na Alain Aspect na John Clauser.

Kiongozi wa kundi kazi yake kubwa ni kuandika maombi ya ruzuku, kuajiri, kusoma rasimu za wengine na kusafiri. Ukimkuta ameinama juu ya meza ya leza, ama kundi bado changa, ama kuna wageni wenye kamera. Simlaumu. Bila yeye kuandika maombi, hakuna leza ya kuinamia.

Anayeinama kweli ni postdoki. Neno hili halijapata Kiswahili kilichokaa sawa. Ukisema “mtafiti wa baada ya uzamivu” umesema sahihi, ila umechosha, na kwenye korido watu husema postdoki tu. Huyu ana shahada ya uzamivu tayari, kwa hiyo si mwanafunzi. Hana kiti cha kudumu, kwa hiyo si mhadhiri wala profesa. Ana mkataba, mara nyingi wa miaka miwili au mitatu, na huhesabiwa kuwa mwenye uzoefu kuliko wote chumbani mle ilhali mwaka wa pili ukianza tayari anatafuta kwa kwenda. Amehamia nchi ambayo lugha yake anaifahamu nusunusu. Yeye ndiye ajuaye kwa nini leza ile nyekundu hupoteza mhimili kiyoyozi kikizimika, na akiondoka, ujuzi huo huondoka naye isipokuwa kama aliuandika kwenye daftari la maabara. Wengi huandika nusu.

Utaratibu huu ni wa zamani kuliko unavyodhaniwa. Niels Bohr, mwanafizikia wa Denmark, alifungua taasisi yake Copenhagen mwaka 1921, na muda si mrefu vijana wa nchi nyingine wakaanza kumiminika pale kwa ruzuku za muda. Werner Heisenberg alifika 1924 akiwa na miaka 22, mwaka mmoja tu tangu apate uzamivu, akilipwa na International Education Board, mfuko wa fedha za Rockefeller. Yoshio Nishina, Mjapani aliyesomea uhandisi wa umeme, alifika 1923 akakaa mpaka 1928. Mwaka huo wa kuondoka, yeye na Oskar Klein walitoa mlinganyo wa jinsi mwanga wa nishati kubwa unavyotawanywa na elektroni, ambao hadi leo unatumika. Kisha akarudi Japani kuunda kundi lake mwenyewe, na ndani ya kundi hilo akakulia Sin-Itiro Tomonaga, aliyepata Nobeli 1965. Kundi huzaa kundi.

Innsbruck nako kulitokea kama hivyo. Desemba 1997 kundi la Zeilinger, wakati huo likiwa Chuo Kikuu cha Innsbruck, lilitangaza kwamba limehamisha hali ya fotoni (chembe ya mwanga) moja kwenda kwenye fotoni nyingine bila fotoni yenyewe kusafirishwa. Makala ilikuwa na majina sita. La kwanza ni Dik Bouwmeester, postdoki kutoka Uholanzi. La pili ni Pan Jian-Wei, mwanafunzi wa uzamivu kutoka China. La mwisho ni Zeilinger. Mpangilio huo una maana yake, na asiyeijua huweza kusoma orodha kichwa chini. Kwenye fizikia ya majaribio, mara nyingi anayetangulia ndiye aliyebeba kazi kubwa, na anayefunga orodha ndiye mwenye kundi. Pan alirudi kwao, na 2016 China ikarusha setilaiti ya Micius, mradi aliouongoza yeye. Mwaka uliofuata mazungumzo ya video kati ya Beijing na Vienna yalilindwa kwa funguo za siri zilizopitia setilaiti hiyo, na upande wa Vienna aliyekuwa mbele ya kamera ni mwalimu wake, Zeilinger.

Mwanafunzi wa uzamivu, basi, si mtu wa kukaa maktaba peke yake na msimamizi kumwona mara mbili kwa mwaka. Ni mwanakundi. Austria kwa kawaida ana mkataba wa kazi na mshahara, ingawa mkataba wenyewe mara nyingi huandikwa wa saa 30 kwa wiki, na saa zinazofanywa ni hadithi nyingine. Kwetu wengi wanaosoma uzamivu ni wahadhiri wasaidizi waliopewa ruhusa ya masomo, na tasnifu ni yao binafsi kuanzia swali hadi jalada. Kule mtu hurithi mashine iliyojengwa na mwanafunzi aliyemtangulia, huiongezea kitu kimoja, humwachia anayefuata. Tasnifu tatu au nne zaweza kutoka kwenye chombo kile kile cha ombwe.

Sasa turudi kwa Mpemba, aliyeuliza kwa nini maji ya moto huganda kabla ya yale yasiyo moto sana, maana safari ya swali lake ndiyo inayoonyesha vizuri mgawanyo mwingine wa kundi: wanadharia na wanamajaribio. Mwaka 2023 wanadharia watatu, Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese, walitoa njia ya kupima ni kwa kiasi gani ulinganifu (hali ya kitu kubaki vilevile hata kikigeuzwa) umevunjika katika mfumo wa kwanta. Chukua ioni zako 12, kila moja uifikirie ina mshale mdogo ndani yake. Iinamishe mishale kidogo, umevunja ulinganifu kidogo. Iinamishe sana, umeuvunja sana. Ziache ioni ziathiriane, kisha tazama sehemu tu ya mstari: ulinganifu hurudi polepole. Hesabu zao zilisema kwamba, kwa hali fulani, ule uliovunjwa zaidi utarudi mapema zaidi. Ni kama maji ya moto kuganda kabla ya maji ya vuguvugu, na ndiyo sababu wakaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Mwanadharia anahitaji ubao, kompyuta na mtu wa kumbishia. Hiyo ndiyo sababu makala ya 2024 ina majina ya watu wa Trieste, Italia, na wa Grenoble, Ufaransa, pamoja na ya Innsbruck kwenyewe: wazo husafiri kwa barua pepe. Chombo cha ioni hakisafiri. Kwanza lazima kiwe na ombwe ambalo ndani yake molekuli za hewa ni chache mno, vinginevyo zitagonga ioni na kuzitoa mstarini. Kulipata ombwe hilo, chombo huokwa kwa siku nyingi mfululizo ili unyevu ulioganda kwenye kuta za chuma utoke. Vipande vyake havishikwi kwa mkono mtupu, maana mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Kalsiamu hupashwa moto mpaka ifuke, leza hung’oa elektroni moja kwenye atomi, leza nyingine hupunguza mwendo wa ioni, na hatimaye kwenye skrini huonekana vitone vya mwanga vimejipanga kama shanga kwenye uzi.

Vyuma hivyo haviandikiwi makala, vinachongwa. Hapo ndipo wanapoingia fundi sanifu wa maabara, fundi mitambo wa karakana, fundi wa elektroniki anayejenga saketi ambayo haiuzwi dukani. Hawa, tofauti na postdoki, wengi wana ajira ya kudumu. Wanabaki wakati kizazi baada ya kizazi cha wenye shahada kinapita. Kwa sababu hiyo kumbukumbu ya kweli ya kituo iko kwao, na mwanafunzi mgeni mwenye akili huanza wiki yake ya kwanza kwa kujitambulisha karakana kabla ya kwenda kwa profesa. Majina yao mara nyingi huwekwa kwenye shukrani, mwisho wa makala, kwa herufi ndogo, kama yatawekwa. (Taasisi ya Innsbruck, kwa bahati tu, iko kwenye barabara iitwayo Technikerstraße, yaani Mtaa wa Mafundi.) Katibu muhtasi, mhasibu na afisa ununuzi wamo vilevile: ndio wanaohangaika na viza ya postdoki na risiti ya leza iliyokwama forodhani.

Mwenye jina lile kwenye makala ya 2024, Erasto Mpemba, hakuwa na kundi. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, akitengeneza aiskrimu. Nafasi kwenye friji ilikuwa inaisha, akatia maziwa yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu hakuamini. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni, Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Kama jambo hilo kwa maji ni la kweli kila mara, wanafizikia wanabishana hadi leo. Osborne aliahidi kujaribu. Aliporudi chuoni hakujaribu mwenyewe: alimwagiza fundi kijana wa maabara. Fundi akapima, akarudi kutoa ripoti kwamba ndiyo, maji ya moto yameganda kwanza, ila watarudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Makala iliyotoka 1969 ina majina mawili, la Mpemba na la Osborne. Kisa cha fundi kimo ndani yake, jina lake halimo.