Je, Wajua kwa Nini Pikipiki ya Rokon Huelea Majini?

Kwa muda mrefu niliamini, na hata kuwabishia wanabodaboda wa Kisumu kwa sauti ya juu kuliko elimu yangu, kwamba pikipiki ya Kimarekani iitwayo Rokon Trail-Breaker huelea kwa sababu ya rimu zake zenye uwazi ndani. Pikipiki hiyo ya porini ilibuniwa na Charlie Fehn huko California mwishoni mwa miaka ya 1950. Magurudumu yote mawili huzungushwa na injini, na rimu zake ni ngoma za alumini ambazo mwenyewe anaweza kuzijaza maji au petroli ya akiba. Ngoma tupu iliyofungwa huelea. Nikaona hoja imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kila ngoma hubeba takriban lita 9, na kitu kilichozama huinuliwa kwa nguvu sawa na uzito wa maji yaliyopishwa, yaani kilo moja kwa kila lita. Ngoma mbili, basi, huinua kilo 18 au zaidi kidogo, ilhali pikipiki yenyewe inakaribia kilo 100. Nyingine zinabebwa na nini?

Mtazame fundi wa pancha anapotafuta tundu. Tyubu ya bodaboda ni nyembamba, lakini akitaka kuizamisha ndani ya karai hana budi kuikandamiza kwa mikono miwili, na akilegeza kidogo tu huchupa na kumrushia maji kifuani. Kinachoisukuma juu ni nafasi ambayo tyubu imeyanyima maji, na kadiri nafasi hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo mikono inavyochoka. Sasa chukua tairi la Rokon, nene kama la trekta dogo, lenye kipenyo cha karibu sentimita 60 na upana wa karibu sentimita 20. Pamoja na rimu yake, lina ujazo wa lita 50 na ushei, na mawili yanapita 100. Makadirio haya yanalichukulia tairi kama pipa, ilhali mabega yake yamejikunja, kwa hiyo lita kadhaa zitapungua. Lakini injini na fremu nazo, zikizama, hupisha maji kiasi chake. Ni tairi, basi, linalofanya sehemu kubwa ya kazi niliyoipa rimu.

Cha ajabu zaidi, rimu iliyojaa petroli bado husaidia, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji: lita 9 huacha ziada ya kilo mbili hivi za kuinua.

Aliyeanza kupiga hesabu ya kuokoa nauli ya feri kati ya Luanda Kotieno na Mbita ajue kwamba Rokon haiendeshwi juu ya maji. Injini huzimwa, pikipiki hulazwa ubavu, na mwenyewe huisukuma huku akiogelea.