Mtindi wa kibuyu kwa mtoto mwenye mzio wa maziwa

Nesi, mwanangu wa mwaka mmoja akinywa maziwa ya ng'ombe anatoka vipele na midomo inavimba. Mama mkwe yuko Nzega, anasema nimpe mtindi wa kibuyu, una bakteria wazuri. Nimpe?

Usimpe, mama. Kuhusu bakteria mama mkwe hajakosea, ila maziwa yakiganda hayaachi kuwa maziwa. Bakteria hula laktosi, yaani sukari ya maziwa, wakatoa tindikali inayoyagandisha. Ndiyo maana mtu anayejaa gesi akinywa maziwa ya kawaida huweza kunywa mtindi na tumbo likatulia. Shida ya mwanao si sukari. Kinga yake imeiona protini ya maziwa kuwa adui, na protini hiyo, hasa kaseini, ndiyo yale mabonge unayoyaona ukimimina kibuyu. Kijiko kimoja chaweza kumdhuru. Usikimbilie maziwa ya mbuzi pia. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Sasa hao bakteria wanahusikaje na mzio?

Sehemu kubwa ya askari wa kinga wanaishi kwenye utumbo. Bakteria rafiki wakichachusha nyuzinyuzi za chakula hutoa asidi, mojawapo butireti, inayolisha ukuta wa utumbo na kusaidia kukuza seli T za kutuliza. Hizo ni kama wazee wa baraza: "Mwacheni apite, huyu mgeni tu." Wazee wakikosa sauti, mwili hutengeneza kingamwili za IgE, zikikutana na chakula kile, seli zinamwaga histamini, kemikali ya kuwasha na kuvimbisha. Vipele vinatokea hapo.

Basi vidonge vya bakteria vya duka la dawa vinatibu?

Bado. Watafiti wa Australia waliwapa watoto wenye mzio wa karanga dozi ndogo za karanga pamoja na bakteria *Lactobacillus rhamnosus*. Matokeo ya 2015 yalitia moyo, lakini jaribio lililotoka 2022 lilionyesha kwamba karanga peke yake, bila bakteria, ilifanya kazi karibu sawasawa. Yote hayo yalisimamiwa na madaktari. Usiyaige kwa karanga za kuungia mboga.

Akinywa maziwa kwa bahati mbaya?

Akikoroma kifuani, sauti ikikauka, akatapika mfululizo au kulegea, panda bodaboda hospitali saa hiyo hiyo. Anahitaji sindano ya adrenalini.

Atakuwa hivi maisha yote?

Wengi mzio wa maziwa huwaisha wakikua. Siku ya kujaribu tena aipange daktari, na mama mkwe umweleze taratibu.